Robo Tatu Dukani, Tatu Juu ya Nne Darasani

Mtume mtoto wa miaka tisa dukani akalete nusu kilo ya sukari. Muuza duka akimpimia robo, mtoto habanduki pale. Atadai mpaka apewe haki yake. Kesho yake mwandikie mtoto huyohuyo 1/2 na 1/4 ubaoni, umwambie azungushie iliyo kubwa. Usishangae akizungushia 1/4. Ukimuuliza sababu atakujibu bila wasiwasi: nne inaizidi mbili.

Hajasahau alichokijua jana. Dukani alikuwa analinganisha sukari na sukari. Ubaoni haoni kitu cha kupimika. Anaona tarakimu zimepandana, kila moja ikisomeka peke yake, naye anafanya alichofundishwa tangu darasa la kwanza, kwamba namba inayokuja mbele zaidi katika kuhesabu ndiyo kubwa.

Walimu wengi wanaijua hali hii. Sehemu sawa (kama 1/2 na 2/4) na kulinganisha sehemu ndizo mada ambapo mtoto aliyekuwa akiipenda hisabati huanza kuikwepa. Dawa iliyozoeleka ni kumwongezea mazoezi: maswali ishirini ya kujaza pengo, mengine ishirini ya kuweka alama ya kubwa kuliko au ndogo kuliko. Uchambuzi huu unaihoji dawa hiyo. Tatizo haliko kwenye idadi ya maswali bali kwenye mpangilio wake. Tunaanza na kanuni ya kutengeneza sehemu sawa, kisha tunamtaka mtoto aitumie kulinganishia, naye anaingia kwenye kulinganisha akiwa na kanuni mkononi lakini hana ukubwa wowote kichwani. Kulinganisha kwa hoja kungepaswa kutangulia, na sehemu sawa zikaja kama chombo ambacho mtoto mwenyewe ameanza kukihitaji. Sehemu nzuri ya kazi hiyo, Kiswahili cha nyumbani na sokoni kimeshaifanya.

Tarakimu mbili, ukubwa mmoja

Mwaka 1978 tathmini ya kitaifa ya elimu nchini Marekani iliwapa wanafunzi wa miaka 13 swali la kukadiria: ukijumlisha 12/13 na 7/8, jibu litakuwa karibu na namba gani? Walipewa 1, 2, 19 na 21 wachague. Kila moja ya sehemu hizo imekaribia kuwa nzima, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolichagua walikuwa asilimia 24. Asilimia 28 walichagua 19, ambayo ni jumla ya namba za juu, na asilimia 27 walichagua 21, jumla ya namba za chini.

Wanafunzi hao walikuwa wamefanya mazoezi ya sehemu kwa miaka kadhaa. Wangeambiwa watafute jibu kamili, baadhi yao wangetafuta asili ya pamoja (namba moja ya chini kwa sehemu zote mbili), wakazidisha, wakajumlisha. Walichokosa ni kitu kinachotangulia hesabu yenyewe: kuitazama 12/13 na kuona kwamba hiki ni kitu kimoja, tena kimebakiza kidogo tu kitimie. Watafiti Yujing Ni na Yong-Di Zhou, katika makala yao ya mwaka 2005, walilieleza tatizo hili kuwa mvuto wa namba nzima. Mazoea ya kuhesabu moja, mbili, tatu yana nguvu kiasi kwamba mtoto huyapeleka hata mahali yasipofaa.

Madhara yake yanafika mbali. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za watoto wa Uingereza na Marekani waliofuatiliwa kwa miaka. Ujuzi wa sehemu na wa kugawanya waliokuwa nao wakiwa na umri wa miaka kumi hivi ulitabiri jinsi watakavyofanya hisabati wakiwa sekondari, hata baada ya kuzingatia uwezo wa jumla wa akili, kipato cha familia na elimu ya wazazi. Asiyeshika sehemu atakutana nazo tena kwenye uwiano, kwenye asilimia, kwenye aljebra na kwenye fizikia, na kila mara zitakuja zimevaa nguo nyingine.

Jina la kipande, kisha idadi

Sikiliza Kiswahili kinavyoitaja 3/4. Sokoni ni robo tatu. Linatangulia jina la kipande, inafuata idadi, kama tunavyosema kilo tatu au vikombe vitatu. Ndani ya maneno hayo mawili mna somo zima: kuna kipande kinachoitwa robo, navyo vipo vitatu. Mtoto anaweza kuendelea kuhesabu bila kufundishwa: robo moja, robo mbili, robo tatu, robo nne, na hapo atajua mwenyewe kwamba nzima imetimia. Akiongeza robo ya tano hataogopa, kwa sababu amewahi kusikia kilo na robo. Amewahi pia kuona chupa ya maji ya lita moja na nusu ikijaza chupa tatu za nusu lita, na hiyo ndiyo 3/2.

Darasani jina hubadilika likawa tatu juu ya nne. Sasa tunataja mahali tarakimu zilipokaa kwenye karatasi. Kipande kimepotea, zimebaki namba mbili zinazosomwa kama anwani. Ndiyo maana mtoto asiyewahi kukosea robo tatu ya sukari anakosea 3/4.

Kiswahili kina majina ya vipande mpaka cha kumi, yaliyotoka Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri, ambalo ni ndugu wa neno ushuru. Matatu ya mwanzo yako hai kila mahali. Mengine yamebaki kwa wazee, kwa wanaosoma mirathi na ndani ya kamusi. Si lazima kuyafufua yote. Mwalimu anaweza kusema "vipande vya tano, vitatu" na akapata faida ileile. La msingi ni kwamba katika wiki za mwanzo mtoto ataje kipande kwa jina kabla ya kutaja idadi.

Istilahi za vitabu vya shule nazo zinahitaji uangalifu. Namba ya juu huitwa kiasi, ya chini huitwa asili. Neno kiasi nje ya darasa lina maana ya wingi wa kitu: kiasi gani cha unga, kiasi gani cha fedha. Mtoto akiambiwa kwamba kiasi cha 3/8 ni 3, ana haki ya kudhani kwamba namba ya juu peke yake imekwisha kumweleza wingi. Wingi wa kweli haumo juu wala chini. Umo katika uhusiano wa zote mbili. Mwalimu anayelitambua hilo atatumia dakika chache kulisema wazi: asili inataja aina ya kipande, kiasi kinahesabu vipande hivyo.

Tena lugha inaonya. Sarafu ya senti hamsini iliitwa thumuni. Thumuni ni moja ya nane, ilhali senti hamsini ni nusu ya shilingi. Jina la sehemu lilibaki likizunguka mifukoni bila nzima yake. Kosa hilo hutokea darasani kila siku. Mtoto anachora duara dogo na kulikata mara mbili, anachora duara kubwa na kulikata mara nne, halafu anaona robo imeizidi nusu. Michoro yake haijamdanganya, kwani robo ya tikiti huizidi kweli nusu ya chungwa. Swali la kwanza la kulinganisha sehemu yoyote liwe hili: sehemu ya nini?

Pishi moja, visaga viwili, vibaba vinne

Wafanyabiashara wa mwambao walipima nafaka kwa pishi. Pishi moja ni visaga viwili, na kisaga kimoja ni vibaba viwili, kwa hiyo pishi ni vibaba vinne. Waislamu wengi bado wanalisikia neno pishi kila mwisho wa Ramadhani, zaka ya fitri inapotajwa. Katika vipimo hivyo, aliyepokea kisaga kimoja cha mchele na aliyepokea vibaba viwili wamepokea mchele uleule. Mmoja ana 1/2 ya pishi, mwingine ana 2/4. Aliye na vibaba ana vipimo vingi zaidi, lakini kila kipimo chake ni kidogo zaidi, na hilo ndilo linalosawazisha.

Hiyo ndiyo maana yote ya sehemu sawa, na ndiyo sababu ya kanuni tunayowakaririsha watoto: zidisha juu na chini kwa namba ileile. Kuzidisha chini kwa 2 ni kukata kila kipande mara mbili, kwa hiyo vipande vimekuwa vidogo. Kuzidisha juu kwa 2 ni kukiri kwamba sasa unavyo vingi mara mbili. Hakuna punje iliyoongezeka wala iliyomwagika. Kurahisisha sehemu ni safari ya kurudi: 2/4 inakuwa 1/2 pale unapounganisha vibaba viwili na kuviita kisaga.

Karatasi inalionyesha hili bila gharama. Chukua ukanda wa karatasi, ukunje mara tatu zilizo sawa, paka rangi sehemu mbili. Hizo ni 2/3. Sasa kunja ukanda wote katikati kwa urefu, kisha ufungue. Vipande vimekuwa sita, vyenye rangi ni vinne. Rangi haijasogea hata kidogo, lakini jina limebadilika kuwa 4/6. Mtoto afanye hivyo kwa mikono yake mara nne au tano, kisha aulizwe atabiri kabla ya kukunja: tukikikata kila kipande mara tatu, tutakuwa na vingapi kwa vingapi? Anayetabiri sawasawa ameipata kanuni, na hatakuwa na haja ya kuikariri.

Ukanda unafaa kuliko duara. Chapati hukatika vizuri mara mbili, nne na nane, lakini kuikata mara tano au saba zilizo sawa ni kazi hata kwa mtu mzima. Mtoto anayechora duara la vipande vitano visivyolingana, kisha akalilinganisha na la vipande sita visivyolingana, hujifunza bahati ya mchoro.

Kosa linalojirudia hapa ni la kujumlisha. Mtoto anachukua 2/3, anaongeza 1 juu na 1 chini, anapata 3/4, kisha anasema ni sawa kwa sababu "nimefanya kitu kilekile pande zote". Kumsahihisha kwa alama ya mkasi hakumsaidii. Mpe ukanda wa theluthi na ukanda wa robo, aweke mmoja chini ya mwingine. Ataona 3/4 imeipita 2/3, na atajiuliza mwenyewe kwa nini kukata hufuata kuzidisha na si kujumlisha.

Njia za kulinganisha kabla ya kanuni

Huko Victoria, Australia, Doug Clarke na Anne Roche waliwahoji wanafunzi 323 wa darasa la sita, mmoja mmoja. Kila mtoto alipewa jozi nane za sehemu, ataje iliyo kubwa na aeleze sababu, bila kalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Waliofanikiwa zaidi walielekea kutumia mbinu mbili: kulinganisha kila sehemu na kipimo kinachojulikana kama nusu, au kuangalia ni kipi kilichobaki mpaka nzima itimie. Jambo lililowashangaza watafiti ni ugumu wa jozi zenye namba ya juu inayofanana.

Jozi hizo ni za kuanzia, kwa kuwa zinaugusa mvuto wa namba nzima moja kwa moja. Ipi kubwa, 3/5 au 3/8? Usiseme sehemu, sema chapati. Chapati tatu zimegawiwa watu watano, na chapati tatu nyingine zimegawiwa watu wanane. Unataka kukaa kundi gani? Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya watu wengi hakosei. Ameona kwamba namba ya chini ikikua, mgawo unapungua.

Kugawa mikate si mchezo wa kitoto. Mafunjo ya hisabati ya Wamisri yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo yanafungua maswali yake kwa kugawa mikate kwa watu kumi. Mikate sita kwa watu kumi: kila mmoja anapata 1/2 na 1/10. Sisi tungeandika 6/10, na maandishi hayo ni mafupi. Lakini jibu la Mmisri linaonyesha ukubwa papo hapo: nusu, na kipande kidogo juu yake. Nchini Uholanzi Leen Streefland alijenga ufundishaji wake wa sehemu juu ya wazo hilohilo la kugawiana chakula mezani.

Nusu ndiyo nguzo ya pili. Ipi kubwa, 3/7 au 5/9? Nusu ya saba ni tatu na nusu, kwa hiyo 3/7 haijafika nusu. Nusu ya tisa ni nne na nusu, kwa hiyo 5/9 imepita. Kazi imekwisha, bila kutafuta asili ya pamoja ya 63. Hata zote mbili zikiwa zimepita nusu, kipimo hakifi: 3/5 imepita nusu kwa 1/10, nayo 5/8 imepita kwa 1/8, basi 5/8 imetangulia.

Njia ya tatu, Kiswahili kinaitamka kila siku. Hatusemi saa mbili na robo tatu. Tunasema saa tatu kasorobo. Tunapima kwa kilichopungua. Sasa weka 7/8 na 8/9 mbele ya mtoto. Ya kwanza ni nzima kasoro 1/8, ya pili ni nzima kasoro 1/9. Kasoro ndogo ina nzima iliyokaribia zaidi, kwa hiyo 8/9 ni kubwa. Mtoto anayeweza kusoma saa ana mbinu hii tayari, ila hajaambiwa kwamba inafanya kazi nje ya saa.

Mbinu hii ina mtego wake, na lazima utegwe makusudi. Baadhi ya watoto husema 5/6 na 7/8 ni sawa, kwa kuwa kila moja "imebakiza moja". Wamehesabu kasoro bila kuuliza ni kasoro ya kipande gani. Moja iliyobaki kwenye 5/6 ni sudusi, iliyobaki kwenye 7/8 ni thumuni. Ndipo faida ya majina ya vipande inapoonekana: aliyezoea kuyataja hanaswi kirahisi.

Saa ya ukutani

Saa inatoa zaidi ya kasorobo. Wababeli walihesabu kwa msingi wa sitini, na dakika zetu 60 ni urithi wao. Sitini inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila kubakiza. Kwa hiyo nusu saa ni dakika 30, theluthi ni 20, robo ni 15, moja ya tano ni 12, moja ya sita ni 10. Mwulize mtoto ipi kubwa kati ya 2/3 na 3/5, kisha mwambie azipeleke kwenye saa. Dakika 40 na dakika 36. Ipi kubwa kati ya 3/4 na 5/6? Dakika 45 na dakika 50.

Alichofanya hapo ni kugeuza sehemu mbili ziwe na asili moja: 40/60 na 36/60. Ametumia sehemu sawa kama chombo, na ametambua kwa nini chombo kinahitajika: theluthi na humusi ni vipande vya aina tofauti, havihesabiki pamoja mpaka vikatwe kuwa dakika. Akishalizoea hilo, kigawe kidogo cha shirika, kile ambacho vitabu hufupisha KDS, hakitamjia kama amri ya mwalimu. Kwa 2/3 na 3/5 sitini ni kubwa kuliko inavyohitajika. Kumi na tano ingetosha, yaani 10/15 na 9/15. KDS ni saa ndogo kuliko zote inayoweza kubeba sehemu hizo mbili.

Kanuni inapodai nafasi yake

Wanaoitetea kanuni wana hoja. Darasa lina wanafunzi wengi, mtihani una muda, na kuzidisha kimshazari hakukosei. Ni kweli pia kwamba njia za hoja zina mpaka. Ipi kubwa, 5/12 au 7/17? Zote hazijafika nusu, na zimekaribiana mno kwa jicho. Hapa zidisha: 5 mara 17 ni 85, 7 mara 12 ni 84. 5/12 imeshinda kwa unywele. Kilichofichika ndani ya kuzidisha huko ni sehemu sawa tu: 85/204 dhidi ya 84/204. Mwanafunzi asiyelijua hilo hasemi kingine ila "nimezidisha hivi", na akisahau mshazari unaanzia wapi hana pa kurudi.

Watu wazima pia hufika hapo. Mfano maarufu uko kwenye mirathi ya Kiislamu. Mtu amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mafungu ni 1/8 kwa mke, 2/3 kwa mabinti, 1/6 kwa baba na 1/6 kwa mama. Huwezi kujua kama mali inatosha mpaka uyaweke kwenye asili moja: 3/24, 16/24, 4/24 na 4/24. Jumla ni 27/24. Mafungu yameizidi mali. Wanazuoni wa Kisunni hulitatua kwa kuigawa mali mafungu 27, mke akapata 3 kati ya hayo, ambayo ni 1/9. Husimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Jibu la haraka namna hiyo halitoki kwa mtu anayeziona tarakimu tu. Linatoka kwa anayeuona ukubwa.

Kulinganisha pia ni mlinzi wa hesabu zinazofuata. Mtoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, muulize kwanza kama 2/5 imefika nusu. Haijafika. Ulianza na nusu, ukaongeza, ukaishia na pungufu ya nusu? Kosa limejifichua lenyewe. Tena usimkemee, maana alichofanya kina mahali pake. Mchezaji aliyefunga penalti moja kati ya mbili, kisha moja kati ya tatu, amefunga mbili kati ya tano. Kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini huzaa sehemu iliyoko kati ya zile mbili, tabia ambayo mwanajiolojia Mwingereza John Farey aliizungumzia mwaka 1816 na mfuatano wa sehemu ukapewa jina lake. Mtoto amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Mazoezi yenye kazi

Kutokana na haya, zoezi zuri linatambulika. Kwanza, jozi zake zimechaguliwa, kila moja ikiita mbinu yake. Jozi nane zilizopangwa, mbili za namba ya juu inayofanana, mbili za nusu, mbili za kasoro, moja ya mtego na moja inayodai kanuni, zinafundisha kuliko arobaini zilizookotwa. Pili, kabla ya kukokotoa, mwanafunzi anaandika njia atakayotumia na sababu yake kwa sentensi moja. Tatu, anapewa kazi iliyofanywa vibaya aisahihishe, kwa sababu kulieleza kosa la mwingine ni rahisi kuliko kukiri lake.

Nne, mstari wa namba. Viwango vya hisabati vilivyotangazwa Marekani mwaka 2010 vinaitambulisha sehemu kama namba iliyo kwenye mstari tangu darasa la tatu, na vinaeleza sehemu sawa kuwa zile zinazokaa kwenye nukta moja. Darasa lenye wanafunzi themanini linaweza kulifanya hilo kwa kamba moja. Ifunge toka dirisha hadi dirisha, mwanzo uwe 0, mwisho uwe 1. Andika sehemu kwenye vipande vya boksi, leta vibanio vya nguo, kila anayeitwa aning'inize kadi yake na kuitetea. 1/2 ikishakaa katikati, atakuja mwenye 2/4, atatafuta mahali pake, atakuta pana mwenyewe. Darasa litaamua kwamba kadi zote mbili zishikwe na kibanio kimoja. Mwenye 4/3 atafika mwisho wa kamba na kudai kamba iongezwe. Hakuna karatasi ya maswali itakayolieleza hili vizuri zaidi.

Programu za simu zinazompa mtoto nyota kwa kila jibu zinafaa baada ya hapo, kwa kunoa wepesi. Zikitangulia, zinazawadia kasi ya kukisia.

Suala la lugha nalo lisiachwe. Nchini Tanzania mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma anasoma sehemu kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuzikuta kwa Kiingereza. Nchini Kenya anazisoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akitoka nje ya lango ananunua robo na nusu kwa Kiswahili. Kote kuwili, mtoto aliyejifunza ukubwa atauhamisha kutoka lugha moja kwenda nyingine, kwa sababu ukubwa haubadiliki. Aliyejifunza mahali pa tarakimu tu hana cha kuhamisha.

Kwa hiyo, mzazi unayekaa na mwanao jioni juu ya daftari la hisabati, acha kidogo kumuuliza kanuni. Muulize maswali matatu, kwa mpangilio huu: ni sehemu ya nini? Imefika nusu au haijafika? Ina kasoro gani mpaka itimie? Yakijibika matatu hayo, maswali mengi ya kulinganisha yaliyo daftarini yatakuwa yamejibika kabla kalamu haijaguswa. Kwa yale machache yatakayobaki, ndipo mzidishe.